Mchoro Wangu na Nyumba ya Bibi

Kwetu ni Runazi, katika wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, umri wangu ni miaka 17, na huu ni mwaka wangu wa nne kulala bwenini. Mhariri wa gazeti letu la shule alinitaka niandike habari za chama chetu cha uchoraji wa kompyuta, ili wadogo zetu wa kidato cha kwanza na cha pili wapate kuvutiwa na kujiunga. Nilikubali kwa furaha. Lakini nilipokaa na kalamu yangu niliona kwamba nikiandika sifa za chama peke yake nitakuwa nimeficha jambo moja, nalo ni jambo lililomnyima bibi yangu baraza ya nyumba yake. Basi nimeona ni heri nilieleze lote, maana anayeijua vizuri njia yenye shimo ni yule aliyekwisha kutumbukia.

Mwaka jana, nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa hesabu alikianzisha chama hicho. Tulikutana kila Jumamosi alasiri, baada ya kufua na kupiga pasi, katika chumba chenye kompyuta sita. Sisi tulikuwa wanafunzi 18, hata ikatubidi kukaa watatu watatu na kupeana zamu. Programu tuliyoitumia huitwa FreeCAD. Ilianza kutolewa mwaka 2002, na toleo lake lililoitwa 1.0 lilitoka mwezi wa Novemba 2024. Haiuzwi; kila mtu huruhusiwa kuichukua na kuitumia bure, na ndiyo sababu shule kama yetu iliweza kuwa nayo.

Siku ya kwanza mwalimu alitutaka tuchore mstatili kwa mistari minne, kisha tuukuze. Niliona hiyo ni kazi ya mtoto mdogo. Nikachora mistari yangu minne, nikaishika pembe moja kwa kipanya, nikaivuta. Loo! Mstari mmoja ulikuja nami, wa pili ukabaki pale pale, na umbo langu likafanana na boksi la sabuni lililokanyagwa na ng'ombe. Wenzangu walicheka sana, walakini walipojaribu wao nao yaliwapata yayo hayo.

Mwalimu akatuambia, "Mashine haijui kwamba mmechora mstatili. Ninyi mmeona mstatili kwa macho yenu, lakini yenyewe imeona mistari minne tu. Mkitaka ijue, lazima mwiambie masharti."

Ndugu msomaji, neno hilo masharti ndilo moyo wa habari hii, kwa hiyo uniwie radhi nilieleze polepole. Kila mstari mnyoofu katika mchoro una namba 4: mwanzo wake uko umbali gani upande wa kulia na umbali gani juu, na mwisho wake vivyo hivyo. Mistari minne ina namba 16, na kila namba iko huru kwenda itakako. Ukiiambia mashine kwamba mwisho wa mstari huu na mwanzo wa mstari ule ni mahali pamoja, umeondoa uhuru wa namba 2. Pembe ziko 4, basi umeondoa 8, zimebaki 8. Ukisema mistari miwili ilale sawasawa na miwili isimame wima, umeondoa 4 nyingine, zimebaki 4. Hapo ndipo umbo linapokuwa mstatili kweli: vuta pembe yo yote upendayo, litapanuka au litasinyaa, lakini pembe zake zitabaki pembe mraba. Zile namba 4 zilizobaki ni upana wake, kimo chake, na mahali lilipokaa. Ukivitaja vipimo viwili, na kulifunga umbo mahali pake, hakuna kilichobaki huru, na mistari yote hugeuka rangi ya kijani. Tangu hapo huvuti tena kwa mkono. Ukitaka mstatili uwe mkubwa unabadili namba moja tu, na mistari yote inayohusika husogea yenyewe.

Tena kuna jambo la tatu, nalo ni masharti kuzidi. Mwalimu alituchorea mstatili wenye upana wa 3 na kimo cha 4, akatuuliza umbali wa kutoka kona hadi kona ya pili. Tulijibu kwa pamoja kwamba ni 5, maana hesabu ya pembetatu ya 3, 4 na 5 kila mtu anaijua. Ndipo akajaribu kuiamuru mashine iufanye umbali huo kuwa 7. Mashine ikakataa, ikatuonyesha masharti yanayogombana. Kwa kipimo kama hicho, ambacho kimekwisha kuamuliwa na vingine, unaweza kuweka kipimo cha kusoma tu: chenyewe hakiamuru kitu, ila hukuonyesha namba imefika wapi. Kumbukeni sana kipimo hicho cha kusoma, maana nilikipuuza, na kukipuuza kwangu ndiko kulikoniponza.

Mwalimu alitueleza pia kwamba mambo haya si mageni ulimwenguni. Mtu aitwaye Ivan Sutherland, alipokuwa mwanafunzi katika chuo cha MIT huko Marekani, alitengeneza programu iliyoitwa Sketchpad, akaiandikia tasnifu mwaka 1963. Aliitumia kompyuta kubwa iliyojulikana kwa jina la TX-2, naye alichora juu ya kioo chake kwa kalamu ya mwanga. Mtu aliweza kuchora umbo kwa haraka haraka, kisha akataja masharti, kwamba mistari hii iwe sambamba au ile iwe na urefu sawa, na mashine ikalinyoosha umbo mpaka masharti yatimie. Nilipoyasikia hayo nilijiona kwamba nami nimekwisha kuwa mhandisi. Ole wangu!

Sasa nieleze habari za nyumba. Bibi yangu, mama yake baba, aliishi katika nyumba ya zamani ambayo kuta zake zilikuwa zimepasuka, na kila mvua iliponyesha aliweka masufuria chini kukinga matone. Baba na ndugu zake walikubaliana kumjengea nyumba mpya ya matofali ya udongo yasiyochomwa, yenye paa la bati. Mwezi wa Februari nilituma nyumbani mchoro nilioutengeneza katika chama chetu. Upana wa nyumba, nje kwa nje, ulikuwa mita 4.8. Paa lilikuwa la migongo miwili ya kawaida, na kilele chake kilikuwa mita 1 juu ya kuta. Kwa kuwa nusu ya upana ni mita 2.4, mteremko kutoka kileleni hadi ukutani ulikuwa mita 2.6 kamili. Mabati yanayouzwa kwetu yana urefu wa mita 3, yaani futi kumi za wazee. Basi kila bati lingefunika mteremko wote na kubakiza sentimeta 40 za upenu, ili mvua isipige ukuta. Baba aliuza maharage, akaenda Biharamulo mjini, akanunua mabati 26: mabati 22 ya nyumba, 11 kwa kila upande, na mabati 4 ya baraza ya mbele, ambapo bibi angekaa kupukuchua mahindi na kuwaangalia wajukuu wake.

Jumapili moja ya mwezi wa Aprili wazazi walikuja kututembelea shuleni. Baba aliniletea ndizi mbivu na karanga, na tulipokwisha kusalimiana alitoa ule mchoro wangu mfukoni, umekunjwa mara nne.

Akasema, "Mwanangu, bibi yako ameomba vyumba vipanuke kidogo. Wale watoto wawili anaokaa nao wanakua, na kitanda cha pili hakitaenea. Tunaweza kuongeza upana?"

"Tunaweza, baba. Niambie kiasi gani."

"Kama futi mbili hivi. Lakini uangalie mabati, maana yamekwisha kununuliwa. Yatatosha?"

Nilimwomba mwalimu ruhusa, akanifungulia chumba. Baba alisimama nyuma yangu ameshika kofia yake mkononi. Sijapata kuona fahari kama ile. Nikaifuta ile namba 4.8, nikaandika 5.4, yaani sentimeta 60 zaidi. Kufumba na kufumbua nyumba ikapanuka. Kuta zikasogea, kilele kikabaki katikati, mteremko ukajinyoosha wenyewe, na upenu wa sentimeta 40 ukatokeza nje ya ukuta kama ulivyokuwa. Mistari yote ilikuwa kijani. Nikafikiri hivi: urefu wa nyumba haukubadilika, mabati hupangwa kwa kufuata urefu wa nyumba, basi idadi ni ile ile, 11 na 11.

Nikamwambia baba, "Yatatosha. Mashine imekubali."

Baba aliitazama karatasi mpya, akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda zake. Sikuutazama mteremko. Kama ningeweka kipimo cha kusoma juu ya mstari ule, kingeniambia kwamba umetoka mita 2.60 ukafika mita 2.88, na ukiongeza upenu wa sentimeta 40 ni mita 3.28. Bati lina mita 3.

Mwezi wa Juni tulifunga shule, nikarudi Runazi. Nilipofika nilikuta kuta zimekwisha simama mpaka juu. Fundi mwashi alikuwa ameifanya kazi yake kwa uaminifu. Alipiga vigingi, akapima pembe kwa kamba ya 3, 4 na 5, akapima tena kutoka kona hadi kona mpaka vipimo viwili vikawa sawa. Nilimtazama bibi akizunguka ndani ya vyumba visivyo na paa, akionyesha kwa mkono: kitanda hapa, kitanda cha watoto pale. Nilifurahi mno.

Siku ya tatu alikuja baba yangu mdogo, ambaye ni seremala. Nilimwamkia, naye akaitikia akaanza kazi. Alikuwa ametengeneza kenchi ya kwanza kwa kufuata karatasi yangu. Tuliipandisha ukutani, tukaishikiza. Kabla hajapigilia misumari ya nyingine aliomba bati moja apate kulijaribu. Akalilaza juu ya mteremko, akaliweka ncha yake ya juu kileleni, kisha akateremka kutazama chini. Akakaa kimya. Akachukua tepu, akapima sehemu iliyotokeza nje ya ukuta.

"Sentimeta 12," alisema.

Baba akasema, "Karatasi inasema 40."

Baba mdogo akajibu, "Karatasi inasema kweli, kaka. Lakini bati halijaisoma karatasi."

Hakuna aliyenikemea, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Walikaa chini ya mwembe kushauriana, nami nilisimama kando kama shahidi asiyeulizwa. Mambo yalikuwa matatu. La kwanza, kuvunja ukuta mmoja na kuurudisha ndani. Lakini matofali mengi yangeharibika, na msingi ungechimbwa upya. La pili, kununua mabati mengine. Lakini fedha za maharage zilikuwa zimekwisha kuingia katika mabati, mbao na misumari. La tatu lilikuwa kuacha paa hivyo hivyo na upenu wa sentimeta 12. Baba mdogo alilikataa hilo mara moja. Alisema ukuta wa tofali bichi ukipigwa na mvua za masika mbili tatu huliwa chini, na nyumba iliyoliwa chini hulala na wenyewe ndani.

Ndipo bibi, ambaye tulidhani hasikilizi, aliposema, "Si kuna mabati ya baraza?"

Wote walinyamaza. Baba mdogo alichora kwa kijiti mavumbini, akahesabu. Bati moja la baraza likikatwa vipande vya nusu mita linatoa vipande 6. Mabati 4 yanatoa vipande 24. Paa linahitaji vipande 22, kila kimoja chini ya bati lake, na kikipandana na bati hilo kwa sentimeta 22 upenu unarudi kuwa sentimeta 40. Hesabu ilikubali. Siku ile ile alichukua mkasi wa bati akaanza kukata. Kila mlio wa mkasi niliusikia tumboni mwangu.

Jioni nilikwenda kwa bibi kumwomba radhi. Alikuwa ameketi juu ya gogo mbele ya nyumba ya zamani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umenuna kama umenyimwa mboga?"

Nilimweleza kosa langu lote, namba kwa namba. Sidhani kwamba alizifuata namba, lakini alinielewa. Alinieleza kwamba nyumba aliyozaliwa ilikuwa ya msonge, ya mviringo, iliyoezekwa kwa nyasi. Mtu aliyetaka kujenga alichomeka mti katikati, akafunga kamba, akazunguka nayo akichora duara ardhini. Aliyetaka nyumba kubwa zaidi alirefusha kamba, basi.

"Nyasi hazina futi," alisema. "Unazikata na kuzipanga kwa kadiri ya nyumba. Haya mabati yenu yana futi zake tangu dukani. Hayo ndiyo ya kuuliza kwanza."

Kesho yake baba mdogo aliniita nimshikie mbao. Tulipopumzika aliniambia neno ambalo nimeliandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari langu: "Ukipanua kitu, anza na kile usichoweza kukibadili." Alinionyesha kwamba yeye mwenyewe akipewa kazi ya meza au mlango huuliza kwanza mbao zilizopo zina upana na unene gani. Mteja akitaka meza kubwa, ubao haunenepi kwa ajili yake. Kinachokua ni urefu na upana wa meza, na pengine idadi ya mbao.

Nilirudi shuleni mwezi wa Julai, na Jumamosi ya kwanza niliufungua tena ule mchoro. Nilitaka kujua kwa nini mashine ilinidanganya. Nikaona kwamba haikunidanganya hata kidogo. Niliiambia masharti haya: kilele kiwe katikati, kimo cha paa kiwe mita 1, upenu uwe sentimeta 40, upana uwe kama nilivyoandika. Iliyatimiza yote, neno kwa neno. Bati sikulitaja. Kwa hiyo nilipoubadili upana, kitu kimoja tu kilikuwa na nafasi ya kurefuka, nacho ni mteremko, yaani kile kile ambacho katika dunia ya kweli hakiwezi kurefuka. Rangi ya kijani ilikuwa na maana kwamba hakuna namba iliyobaki huru. Haikuwa na maana kwamba nyumba itaezekeka.

Mwenzangu mmoja alinishauri kwamba pengine ingekuwa salama zaidi kuukuza mchoro wote kwa pamoja, kama mtu anavyokuza picha. Tulijaribu. Ili 4.8 iwe 5.4, kila kipimo huzidishwa kwa 1.125. Kimo cha paa kikawa mita 1.125, mteremko mita 2.925, upenu sentimeta 45, na jumla ya bati ikawa mita 3.375. Umbo lilibaki zuri, halikupinda hata kidogo, lakini hali ilikuwa mbaya kuliko kwanza. Na hata matofali ya ukuta yalikuwa yamenenepa, kana kwamba kibao cha kufyatulia matofali nacho kimekua. Hapo tuliona kwamba kukuza picha ni jambo moja, na kukuza nyumba ni jambo jingine. Katika picha kila kitu hukua sawasawa. Katika nyumba vingine hukua na vingine hukataa, na kazi ya mchoraji ni kujua kipi ni kipi kabla hajagusa namba.

Basi nilianza upya. Sharti la kwanza niliandika bati: kutoka kileleni mpaka mwisho wa upenu ni mita 3.00, wala pasibadilike. La pili, upenu usipungue sentimeta 30, kama baba mdogo alivyosema ndicho kiasi cha chini anachokikubali kwa ukuta wa tofali bichi. La tatu, kimo cha paa mita 1, ili maji yateremke upesi. Upana sikuuamuru, niliuwekea kipimo cha kusoma tu. Ukasoma mita 5.02.

Nilikaa nikiitazama namba ile kwa muda mrefu. Nyumba ya bibi ingeweza kuongezeka sentimeta 22, nami niliongeza 60. Kisha nikajaribu kuulazimisha upana uwe 5.4 juu ya masharti hayo. Mashine ikakataa, ikasema masharti yanagombana. Ukataaji ule ulinitia uchungu, maana ndio ambao ungeniokoa siku ile baba aliposimama nyuma yangu na kofia yake mkononi. Kama ningesikia "haiwezekani" katika mwezi wa Aprili, baba angejua mapema. Labda bibi angechagua sentimeta 22, au baba angengoja mavuno mengine apate mabati ya kuongeza. Uamuzi ungekuwa wao. Mimi niliwanyima uamuzi huo kwa kuwaambia kwamba mashine imekubali.

Wenzangu wengi wanaojiunga na chama hukasirika mashine inapowakataza. Huona masharti kuwa ni kifungo, wakayafuta moja baada ya jingine mpaka umbo linavutika watakavyo. Nami nilikuwa hivyo. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukitaka mchoro unaoweza kupanuka bila kuharibika, huna budi kuinama kwanza na kuuliza: pembe zipi zibaki mraba, mistari ipi ibaki sawa, unene upi usibadilike, na kitu gani kimekwisha kununuliwa dukani. Masharti yakipungua, umbo hupinda ovyo. Yakizidi, halitikisiki. Yakitosha lakini yakawa siyo yenyewe, umbo litakutii vizuri sana na kukupeleka shimoni. Na hili la tatu ndilo la hatari, kwa sababu halina dalili yo yote machoni.

Nyumba ya bibi imesimama. Mvua za masika za mwaka huu zimeipiga na ukuta haujaliwa, ingawa katika kona moja, pale bati na kipande chake vinapopandana, maji hupenya upepo ukivuma kwa nguvu. Watoto wana kitanda chao. Vile vipande viwili vya bati vilivyobaki bibi amevifanya paa la banda la kuku. Lakini baraza hana. Akitaka kupukuchua mahindi hukaa chini ya mwembe, na jua linapozunguka huhama na ungo wake, na mvua ikija huingia ndani. Hajapata kulitaja jambo hilo mbele yangu.

Muhula huu nimechora baraza yake. Mstari wa kwanza niliouchora ni bati moja la mita 3. Baba alipokuja kunitembelea nilimpa karatasi, na safari hii nilimwomba asiipeleke kwa fundi mwashi kabla baba mdogo hajaisoma. Aliirudisha kwa mkono wa jirani yetu aliyekuwa akipita njia ya huku. Pembeni ameandika kwa penseli ya useremala kwamba nguzo nilizoziweka ni nyembamba kuliko miti iliyopo, na kwamba nibadili. Nimebadili. Baba amesema wataijenga maharage yakiuzwa, Mungu akipenda.

Ninyi wadogo zangu mnaotaka kujiunga, karibuni. Tunakutana Jumamosi saa tisa. Njoni na daftari, na kabla ya kuja mwulizeni fundi mmoja wa kwenu ni kitu gani katika kazi yake hakibadiliki.